Steshenari mnaacha vyeti vyetu wazi kwenye kompyuta zenu, imetosha sasa

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Jumamosi jioni nimepigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya kike, ya upole, ikanitajia majina yangu yote matatu na kuniuliza kama ndiye mimi. Nikaitikia. Akanitajia shule niliyosoma, mwaka niliomaliza, mpaka mtaa ninaokaa. Nilihisi miguu inaniisha nguvu, maana nilijua tayari niko mikononi mwa matapeli. Kumbe dada wa watu alikuwa na nia njema. Alikwenda kuprinti CV na barua yake ya kuomba kazi steshenari moja hapa Morogoro, karibu na stendi, akakabidhiwa karatasi zake akaondoka. Kufika nyumbani anakuta katikati kuna CV yangu kurasa mbili na nakala ya kitambulisho changu cha NIDA. Namba ya simu ameiona juu ya CV.

Mimi pale nilikwenda wiki tatu kabla yake.

Jumatatu asubuhi sikwenda popote, nikaenda pale moja kwa moja. Nikamwomba kijana wa kwenye mashine anifungulie folda ya Downloads, yanakoingia mafaili yote wanayopakua, na namshukuru hakubisha. Ndugu zangu, anateremsha kwa mausi, anateremsha, haiishi. CV, CV (1), CV (2), mpaka sitini na kitu. Barua za posa. Hati ya kiwanja cha mtu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Majibu ya vipimo vya hospitali, jina la mgonjwa limeandikwa kwenye faili lenyewe kwa herufi kubwa, huhitaji hata kulifungua. Yangu ilikuwa CV (48), na kitambulisho nilikuwa nimekiunganisha humo humo. Ya yule dada CV (58). Kijana alibonyeza isiyo yake, ikatoka, akabonyeza iliyo yake, ikatoka, akazipiga pini zote pamoja. Basi.

Faili lenye jina linalofanana na lililopo, kompyuta inaliongezea namba tu. Kwa hiyo kila CV inayoingia inapanga foleni nyuma ya zilizotangulia, na hakuna anayezitoa.

Nikamwita mwenye duka. Jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: "Mteja anatakiwa afute mwenyewe." Afute vipi? Kioo kimemgeukia kijana wako, kibodi iko mkononi mwake, mimi nimesimama upande wa pili wa kaunta na nyuma yangu kuna watu sita wanasukumana. Mama aliyetoka kijijini na simu ya mwanawe, anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, utamwambia afute kwenye folda gani? Na hata anayejua akifuta, faili linahamia kwenye pipa la taka la kompyuta, linakaa humo mpaka mtu alimwage.

Kuna wanaojiona salama kwa sababu walifungua ukurasa wa faragha kwenye brauza. Ule unafuta historia ya kurasa ulizotembelea. Faili ulilopakua linabaki palepale kwenye diski. Firefox nayo, tangu toleo la 98 la mwaka 2022, hata faili ulilotaka kulifungua tu ulisome inalihifadhi Downloads, tofauti na zamani ilipokuwa inaliweka kwenye folda ya muda.

Mara nyingi hata hakuna haja ya kupakua! PDF iliyoko kwenye Gmail inafunguka humo humo, unaisoma na kuiprinti kutoka hapo. Lakini vijana wamezoea kubonyeza mshale wa kupakua kabla hata hujamaliza kuwaeleza shida yako.

Na mtu asiniambie ni karatasi tu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ndiyo namba unayoombwa ukisajili laini, ukifungua akaunti benki. Iweke pamoja na CV yenye simu, anwani na wadhamini wako watatu, halafu iache kwenye kompyuta inayoshikwa na watu mia. Hawa wanaotupigia wakijifanya wanatufahamu, mnadhani taarifa zetu wanaziota?

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Mwenye steshenari anashika taarifa za watu wengi kuliko ofisi nyingi za mtaa huu. Nimemtajia, akanitazama kama nimemtukana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa yake haina gharama. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Storage Sense, unakipanga mara moja kiwe kinafuta mafaili ya Downloads ambayo hayajafunguliwa kwa zaidi ya siku moja. Anayetaka zaidi, na yuko tayari kulipia, anaweka programu kama Deep Freeze: ukizima kompyuta na kuiwasha, inarudi ilivyokuwa, vyote vilivyoingia mchana vimeondoka. Na asiyetaka hata hayo, basi kijana afute kila mteja anapolipa, mbele ya macho yake. Sekunde kumi.

CV (48) nimeisimamia ikifutwa, na pipa likamwagwa nikiona. Nikaomba na nyingine zote zifutwe. Mwenye duka akakataa, eti wateja huwa wanarudi kuziulizia.

Kwa hiyo zipo mpaka sasa hivi. Kama uliwahi kuprinti karibu na stendi hapa Morogoro, nenda kesho asubuhi kabla foleni haijajaa, waambie wafungue Downloads na wakugeuzie kioo.