Tuoneshe ipi maskani: The Battle of Algiers au Lion of the Desert?

Mwana Kikwajuni
Asalaam alaykum. Maskani kwetu tumepata projekta, na wakubwa wameridhia tuoneshe filamu moja ya raia walioinuka dhidi ya jeshi la kigeni lililowakalia. Zimebaki mbili. Lion of the Desert (1981) ya Moustapha Akkad: Libya na Wataliani, Anthony Quinn ndiye Omar Mukhtar. Na The Battle of Algiers (1966) ya Gillo Pontecorvo: Algeria na Wafaransa. Mie moyo uko Algiers, lakini haina rangi, nakhofu vijana wataondoka. Nipeni rai.

Baharia wa Wete
Wekeni Omar Mukhtar. Mwalimu wa Qur'ani, mzee wa zaidi ya miaka 70, na bado Wataliani hawalali kwa ajili yake. Mtengenezaji ni yule yule wa The Message, filamu ya mwanzo wa Uislamu, ambayo wengi wetu huku Pemba tumekua nayo. Pale anaponyongwa, mtoto akaiokota miwani yake, sijapata kupaangalia macho makavu. Italia waliipiga marufuku mwaka 1982. Iliwachoma.

Bi Mkubwa Malindi
Mwanangu, kaulizia raia. Omar Mukhtar ana wapiganaji wake na farasi. Raia wengi unawaona kambini nyuma ya seng'enge, wanateseka. Algiers raia ndio vita vyenyewe. Wanawake watatu wanakata nywele, wanavaa Kizungu, wanapita na mabomu ndani ya vikapu mbele ya askari wanaopekua watu. Mji unagoma siku nane. Na ile Casbah, mtaa wa kale wa Algiers, kwa ngazi zake na vichochoro vyake, mtoto wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa vipi askari anapotea humo.

Mwalimu wa Skuli
Naafikiana na Bi Mkubwa, ila isioneshwe kama sherehe. Kabla ya bomu kuripuka tunaoneshwa nyuso za waliokaa mkahawani, na mtoto anaramba aiskrimu. Kisha askari wa Kifaransa nao wanawatesa watu kwa maji na umeme. Pontecorvo hakuficha la huku wala la kule, na ndiyo maana naiamini. Lakini visiwa vyetu vina majeraha yake, watu watatoka na mengi. Wawepo wazee wa kuongoza mazungumzo, na watoto wadogo wabaki majumbani.

Baharia wa Wete
Mbona Algiers viongozi wanakamatwa au wanauliwa? Ali la Pointe anaripuliwa mafichoni. Vijana watabaki na nini?

Bi Mkubwa Malindi
Usiikatize njiani. Mwaka 1957 jeshi limeshinda, viongozi wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, humo Casbah wamekwisha. Disemba 1960 mji unafurika watu, wake kwa waume, na bendera walizozishona wenyewe. Mwaka 1962 nchi huru. Ushindi ule jeshi liliupata kwa watu wachache, umma haukushindwa.

Mwalimu wa Skuli
Na rangi isikukhofishe. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa FLN humo humo Casbah, ameigiza mwenyewe, na takriban wote waliobaki ni watu wa kawaida, si waigizaji. Nyeusi na nyeupe ile inaifanya ionekane kama habari ya jana.

Mwana Kikwajuni
Basi Algiers. Ni saa mbili tu, ya Omar Mukhtar inakaribia tatu. Tutaanza baada ya Isha. Maneno ya chini ni ya Kiingereza. Nani atashika maikrofoni atufasirie?

Mwalimu wa Skuli
Nitakuja mie. Nitumie nakala mapema niipitie.