Mrejesho: matone ya damu baada ya kuanza vidonge vya majira

Wapendwa, niliuliza kwa nini tangu nianze vidonge vya majira (vya kuzuia mimba) natokwa matone ya damu kabla ya siku zangu. Asanteni sana, hasa dada uliyesema nimeze saa ileile kila siku. Nilikuwa nikidamkia soko la Mbuyuni nasahau kabisa! Nikahamishia saa 3 usiku, na alamu. Nesi hapa Moshi alinipima mimba kwanza, akasema miezi 3 ya mwanzo ni kawaida. Vile vidonge 7 vya kahawia vya mwisho wa pakiti ni madini chuma tu, kumbe. Damu ya mwezi huja ukimeza hivyo kwa sababu homoni imesimama.

Sasa mwezi wa 4, matone yamekwisha, hedhi siku 3 badala ya 6, tumbo limetulia. Kichefuchefu bado, hata nikila kwanza. Kwa hilo narudi kliniki.