Msanapichi wa kwenye chungu umepukutika wote: chungu kipya, vipandikizi au ardhini?

Baraza_Ntinda
Wadau habari. Nina mti kwenye chungu barazani, niliuziwa kama waridi la jangwani. Majani yaligeuka manjano, yakaanguka yote wiki hii, zimebaki fimbo tupu. Jumamosi nataka niamue: ninunue chungu kikubwa, nikate matawi nianze upya, au niushushe ardhini? Kipi bora?

Kitalu_Mukono
Umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa. Chungu kina upana gani, kina tundu? Unamwagilia mara ngapi? Majani yalikuwa na ncha kali au ya mviringo? Na shina ukiliminya kwa kidole gumba, ni gumu au linabonyea?

Baraza_Ntinda
Majani marefu kupita kiganja, ncha kali. Nikikwangua unatoka utomvu mweupe. Namwagilia kopo moja kila asubuhi, si unajua Januari jua lilivyo.

Kitalu_Mukono
Basi hilo si waridi la jangwani. Lile lina shina lililovimba chini kama chupa na majani madogo. Matawi manene ya kijivu, butu kama vidole, yenye makovu ya majani yaliyoanguka, ni msanapichi, ambao wengi hapa Kampala wanauita franjipani. Wa ncha kali hupukutisha kila kiangazi. Wa ncha ya mviringo hubaki na majani karibu mwaka mzima, huo ukipukutika ndipo uogope.

Maelekezo ya mitandaoni yanayosema mti hulala kwa sababu ya baridi na mchana kufupika yaache huko huko Ulaya. Sisi tuko kwenye ikweta, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Huku mti hulazwa na ukavu. Wako haujakauka hata siku moja na bado umepukutika, hilo ndilo linalonitia shaka. Bado hujajibu kuhusu tundu.

Mama_Miche_Jinja
Mimi nasema kata. Chungu kipya hakiponyi mzizi uliooza. Kuna mmoja uliletwa hapa kitaluni ukiwa hivyo hivyo. Mwenyewe alikuwa ameuhamishia chungu cha upana maradufu, akajaza udongo mweusi wa bondeni na samadi mbichi, kisha akaumwagilia "uzoee". Udongo mwingi usio na mizizi haunyonywi na mtu, unabaki tope. Uozo ulipanda kutoka chini, gome likawa na mikunjo kama ngozi ya embe lililolala, na ndani katikati pamegeuka kahawia. Tulikata sentimita tano tano kwenda juu, kila pande bado lina doa. Doa lilipokwisha kilibaki kipande cha shibiri moja tu.

Kwa hiyo Baraza, chukua kisu kilichofutwa kwa spiriti, ukate mpaka katikati pawe peupe kabisa. Vipandikizi viwe vya sentimita 30 hadi 45. Futa utomvu, usikuingie machoni. Viweke kivulini siku 7 hadi 14 mpaka jeraha liwe kavu na gumu, paka majivu, ndipo upande kwenye mchanga wa chenga kubwa. Mwagilia mara moja, halafu uache mpaka majani yatokeze.

Arua_Kijani
Majivu ya nini tena? Hewa kavu inatosha. Wengine wanapaka mpaka jeraha linabaki na unyevu chini ya ganda. Na kwa nini kukata mti mzima ambao huenda umelala tu? Ushushe ardhini, umalize matatizo ya chungu.

Mama_Miche_Jinja
Majivu makavu, yaliyochekechwa, kidogo tu. Sikusema uji.

Kitalu_Mukono
Ardhini inategemea wapi. Ukiwa kwenye mteremko wa kilima, sawa. Bondeni maji yanakosimama mvua za Machi, inua tuta la nusu mita kwanza, la sivyo umehamisha tatizo tu.

Kahawa_Masaka
Udongo wa chungu changanya nusu kwa nusu na maganda ya kahawa, yanapatikana bei ya chini.

Kitalu_Mukono
Ndugu, nusu nzima? Maganda mabichi yakioza yanakula naitrojeni ya mti na yanashika maji kama sponji. Msanapichi unataka mafungu mawili ya changarawe au mchanga wa chenga kubwa, moja la udongo, moja la mboji iliyoiva. Mbolea ya dukani ya 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) usiiguse kabla ya majani.

Kahawa_Masaka
Nilimaanisha yaliyokaa miezi sita kwenye lundo.

Baraza_Ntinda
Nimeuangalia. Chungu ni cha saruji, upana kama sentimita 40, tundu lipo ila chini kuna kisahani kimejaa maji. Matawi mawili magumu, nikikwangua gome ndani ni kijani. La tatu linabonyea kuanzia kwenye ncha.

Mama_Miche_Jinja
Una hakika ni ncha, si chini? Ndiyo tofauti yenyewe. Likianzia ncha, kata hilo tu mpaka peupe. Likianzia chini, okoa hayo mawili leo, usingoje Jumamosi.

Kitalu_Mukono
Na kisahani kiondoe sasa hivi. Kisha uchomoe mti kwenye chungu tuone mizizi: myeupe au ya rangi ya krimu ni mizima, ya kahawia inayobanduka ganda ikivutwa imeoza. Ikiwa mizima, chungu hicho hicho kinafaa, badilisha udongo tu. Pesa ya chungu kikubwa weka mfukoni.

Arua_Kijani
Maua yake rangi gani? Kama ni ya manjano nahitaji kipandikizi. Za mbegu hazifuati rangi ya mama.

Baraza_Ntinda
Haujawahi kutoa ua. Nachomoa jioni, natuma picha.

Kahawa_Masaka
Kwani huo si mti wa makaburini?