Wanachuo wa uuguzi na fildi ya afya ya jamii Tanga: tuanzie wapi?

Mkufunzi_Chumageni

Habari za jioni wakuu. Nina wanachuo 32 wa uuguzi, mwaka wa pili, wanaingia fildi ya afya ya jamii kwa wiki mbili, mitaa minne hapa Tanga mjini. Wodini hawana shida. Shida inaanza wakishatoka getini: bado wanawaza mgonjwa mmoja mmoja, na kukuza afya kwao ni kusimama mbele ya kina mama kliniki, kusoma karatasi na kumalizia "Mmeelewa?" "Ndiyooo." Nataka wajue kuupima mtaa mzima kama wanavyompima mgonjwa kitandani. Niwape zoezi gani, na wapi huwa panaharibika?

Kingatiba

Mwalimu, shika ugonjwa mmoja tu. Kwa Tanga ningeshika matende na mabusha: dalili zake zinaonekana kwa macho, kingatiba yake (dawa wanayopewa watu wote, wazima na wagonjwa) imekuwa ikigawiwa mtaani, na mbu wake anazaliwa nyuma ya nyumba.

Siku ya kwanza wasitoke, wape hesabu. Tuseme mtaa una watu 1,200. Wasioruhusiwa kumeza dawa zake, ivermectin na albendazole (watoto wasiofika sentimita 90, wajawazito, waliojifungua ndani ya wiki moja, wagonjwa mahututi) ni 220. Waliomeza ni 760. Tumefikia asilimia ngapi? Wengine watagawanya kwa 980 wapate 77.6, wengine kwa 1,200 wapate 63.3. Kiasi (namba ya juu, 760) ni kilekile, asili (namba ya chini) ndiyo iliyobadilika. Waache wabishane kabla hujasema neno. Kwa matende, Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya watu *wote*, kwa sababu mbu hamuulizi mtu kama aliruhusiwa kumeza. Asiyemeza, kwa sababu yoyote ile, anaweza kubaki na vimelea kwenye damu. Kwa hiyo mtaa huo haujafika, hata kama 77.6 inapendeza kwenye ripoti.

Siku ya pili wape glovu, tochi na kikombe cheupe kilichofungwa kwenye mti mrefu. Watafute karo la maji machafu lenye mfuniko uliopasuka, waombe ruhusa kwa mwenye nyumba, wachote taratibu pembeni. Wakikiinamia kikombe wataona viluwiluwi wananing'inia vichwa chini, mkia umegusa uso wa maji. Hao ni Culex, mbu wa matende mjini. Viluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Mayai ya Culex nayo hushikamana, yakaelea kama kijitumbwi cheusi. Mwanachuo akishaona hivyo, hatakwenda tena kuwahubiria watu wafyeke nyasi ili kuzuia matende.

Hapo ndipo uwape mfano wa Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 mwishoni. Watu walipewa dawa, na vyoo vya shimo vyenye maji vikamwagiwa chembe za polistireni (plastiki nyepesi) zinazoelea. Zikatanda juu ya maji, kiluwiluwi akakosa pa kuvutia hewa na mbu jike akakosa pa kutagia. Mbu walipungua sana, na maambukizi pia. Dawa ilimfuata mtu, chembe zikafuata choo. Azimio la Ottawa la 1986 kuhusu kukuza afya lina maeneo matano ya kazi, na stadi za mtu binafsi ni moja tu kati ya hayo. Wanachuo wetu wanalifanyia kazi hilo moja na kuyasahau manne.

Mhudumu ngazi ya jamii

Naongezea panapoharibika.

Kuingia mtaani bila kupita kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Barua ifike wiki moja kabla, na mjumbe ajue siku na saa.

Kuchagua nyumba. Ukiwaambia "kila nyumba ya tano", watafuata barabara. Ngamiani barabara zina namba na ni rahisi kupita, kwa hiyo nyumba za uani hazitafikiwa hata moja. Wachore ramani kwanza kwa mkono, kila mlango upewe namba, ndipo wachague.

Kitabu cha MTUHA namba 5 (rejesta ya wagonjwa wa nje) kinaonyesha waliofika zahanati. Hakionyeshi waliobaki nyumbani, na kina watu wa mitaa mingine. Wasichukue idadi hiyo wakaigawanya kwa watu wa mtaa mmoja.

Na maswali. "Je, ulimeza dawa?" Kila mtu atasema ndiyo, ni adabu ya mgeni. Uliza "Vilikuwa vidonge vingapi, na ulimezea wapi?" Wanaume wengi asubuhi hawapo nyumbani, wafuatwe alasiri barazani kwenye kahawa. Swali la busha aulize mwanachuo wa kiume, faragha.

Mkufunzi_Chumageni

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Na kwa mwenye mguu ulioshavimba, mwanachuo afanye nini ndani ya wiki mbili?

Kingatiba

Amfundishe kuuosha. Maji safi yasiyo ya moto, sabuni ya kawaida, kuanzia juu kushuka chini, kisha katikati ya kila kidole. Hapo katikati ndipo ngozi inapochanika na bakteria kupenya. Akaushe kwa kitambaa laini kwa kugandamiza, asisugue. Mguu uinuliwe akiwa amekaa na akilala, kifundo kichezeshwe mara kadhaa kwa siku, viatu visibane. Mguu ukiwaka moto na homa ikapanda, mazoezi yasimame, ukandwe kwa maji baridi, aende zahanati.

Kosa kubwa ni mwanachuo kumuosha yeye, akaondoka. Arudi siku ya tatu, akae pembeni kimya, mgonjwa mwenyewe aoshe. Maksi zitoke kwenye mikono ya mgonjwa. Mimi ningeipa ziara hiyo ya pili maksi 40 kati ya 100, na kipeperushi kisipewe hata moja.