Naomba ushauri: kukausha maembe bila kupoteza vitamini

Ndugu zangu, habari za leo. Huku Mkuranga msimu wa embe dodo umepamba moto, na ningependa kuyakausha ili wanangu wayapate hata mwezi wa Mei. Gramu 100 za embe bivu zina takriban miligramu 36 za vitamini C, ambayo huharibika kwa joto, na ile rangi ya manjano, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huharibiwa na mwanga wa jua. Nilianika vipande juani kwa siku tatu, vikawa vyeusi pembeni na kunatana na ukili wa mkeka. Je, nikivianika kivulini, chini ya chandarua, vitakauka kabla ya kuota ukungu? Na kuvichovya kwanza katika maji ya ndimu kunahifadhi vitamini kweli, au rangi tu?