Vibao vya bei vya kielektroniki rafuni: nivifunge au niendelee na karatasi?

MamaNuru_Segerea
Habari za jioni wadau. Nina minimaketi hapa Tabata Segerea, bidhaa 1,860 kwenye mfumo, wafanyakazi wanne. Naomba ushauri wa mtu aliyeviona vikifanya kazi.

Jumamosi alikuja bibi mmoja, mteja wangu tangu nafungua duka. Kachukua mafuta ya kupikia lita 3, rafuni yameandikwa 17,500. Kufika kaunta mashine inasoma 19,000. Hela yake ilikuwa kwenye ncha ya kanga: noti ya elfu kumi, ya elfu tano, ya elfu mbili na sarafu ya mia tano. Hesabu alishaimaliza kulekule rafuni. Nikamuuzia kwa 17,500, ila foleni nzima ilisikia, na kaka mmoja akasema kwa sauti, "Hapa ndiyo zao." Iliniuma sana, maana sijawahi kumwibia mtu.

Ilivyotokea ni hivi. Mzigo wa Alhamisi kutoka Kariakoo ulikuja na bei mpya, usiku nikabadilisha kwenye kompyuta. Kijana akaanza kubandika karatasi, wino wa printa ukaisha akiwa kwenye sabuni. Ijumaa wateja wakajaa, hakuna aliyekumbuka mafuta.

Sasa nimepewa bei ya vibao vya inchi 2.13: shilingi 21,000 kimoja, bila kifaa cha kurushia mawimbi wala programu. Kwa bidhaa zote ni 39,060,000. Umeme ukikatika vinakuwaje? Vinahimili joto letu? Na hiyo betri ya miaka 5 ni kweli?

Fundi_Kijitonyama
Dada, pole kwa yaliyokukuta, na umefanya vema kumuuzia kwa bei aliyoiona.

Umeme ukikatika kibao hakifutiki. Ndani ya kioo kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi za chaji tofauti. Chaji ikipita, za rangi moja zinapanda juu na nyingine zinashuka, na zikishakaa hazitumii umeme wowote. Hata ukichomoa betri, bei ya mwisho inabaki imeandikwa. Betri inaliwa wakati wa kubadilisha maandishi na wakati kibao kinasikiliza mawimbi. Kwa hiyo miaka 5 inawezekana ukibadilisha bei mara chache. Ukiweka ofa ya kila saa, isahau. Vile vyenye rangi nyekundu navyo vinachukua muda kubadilika, vinametameta sekunde 15 au zaidi. Kwa duka lako nyeusi na nyeupe inatosha.

Hatari ninayoiogopa ni nyingine. Umeme unakatika katikati ya kubadilisha bei, kompyuta ya kaunta inaendelea kwa UPS (betri ya akiba), kile kifaa cha kurushia mawimbi kinachofungwa darini kimezima. Kaunta inajua 19,000, rafu imeshikilia 17,500. Umerudi palepale kwa bibi, na safari hii ni vibaya zaidi, maana karatasi iliyochakaa mteja huitilia shaka, lakini kibao safi namna ile anakiamini moja kwa moja. Kwa hiyo kifaa cha darini na rauta viwe kwenye UPS. Na muulize muuzaji: kibao kikishapokea bei kinarudisha jibu? Bei mpya isianze kaunta mpaka jibu hilo lifike. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Joto: vingi vimetengenezwa kwa nyuzi 0 hadi 40. Katikati ya duka hakuna shida. Dirishani kwenye jua la saa tisa alasiri mwezi wa pili, usiweke. Kwenye friza inatakiwa aina yake maalumu. Halafu havina taa, gizani havisomeki.

Uliza pia kama hiyo 21,000 ina VAT ndani. Kama haina, kimoja kinakuwa 24,780.

Keshia_Mbagala
Mama Nuru shikamoo. Mimi nimefanya kazi supamaketi Dubai miaka mitatu, tulikuwa navyo. Kila kibao kina baakodi yake. Unaskani kibao, unaskani bidhaa, mfumo unavioanisha. Raha kweli, bei za rafu nzima zinabadilika umesimama pale unaangalia.

Tabu inaanza mtu akihamisha bidhaa. Mzigo ukija mwingi vijana wanasogeza maziwa ya unga hatua mbili kushoto, kibao kinabaki kilipo, na mteja anasoma bei ya uji akidhani ni ya maziwa. Kosa hilo mtambo hauwezi kulijua. Sisi kila asubuhi kabla ya kufungua mmoja alipita na skana rafu kwa rafu. Ukivinunua bila kumpa mtu kazi hiyo, hela yako itapotea.

BabaTeddy_Mbezi
Wateja wataogopa bei kupanda wakiwa bado wanazunguka dukani. Hofu hiyo ipo hata kwa wenzetu. Mwaka 2024 Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, walitangaza kuvifunga katika maduka 2,300 ifikapo 2026, na mwaka huohuo maseneta wa Marekani Elizabeth Warren na Bob Casey waliiandikia Kroger, kampuni nyingine ya supamaketi za hukohuko, barua kuhoji jambo hilihili. Weka utaratibu wa kubadilisha bei kabla ya kufungua tu, na uubandike mlangoni watu wausome.

MamaNuru_Segerea
Marahaba mwanangu, na asanteni sana nyote. Leo nimekaa na daftari. Bidhaa ambazo bei yake haitulii ni mafuta, sukari, mchele, unga, sabuni na maziwa, jumla 140. Hizo ni 2,940,000, naimudu bila mkopo. Biskuti na kiberiti vibaki na karatasi. Na yule kijana nimemwondolea kazi ya stoo asubuhi, saa moja kamili anapita na skana.

Fundi, nimempigia muuzaji kumuuliza habari ya jibu la kibao. Kasema "inategemea".

Fundi_Kijitonyama
Hilo si jibu, dada. Mwambie akuletee viwili ukae navyo wiki moja kabla hujatoa hata shilingi. Kimoja weka kwenye mafuta, kingine mbali kabisa, karibu na mlango wa stoo. Badilisha bei, kisha uzime swichi kubwa palepale. Umeme ukirudi usiguse kitu, nenda kasome vyote viwili, halafu uskani mafuta kaunta. Utakachokiona niandikie hapa.

MamaNuru_Segerea
Sawa. Analeta Jumatatu.