Ufadhili wa kusomea urubani, nimekwama kwenye insha

Kijana wa Kirumba
Wakuu shikamooni. Nina miaka 18, nimemaliza fomu siksi PCM (fizikia, kemia, hesabu), naishi Kirumba hapa Mwanza, mama anauza dagaa pale soko la Mwaloni. Nimepata nafasi ya kuomba ufadhili wa nje wa vijana kujifunza kurusha ndege, wanalipia mpaka leseni ya kwanza ile PPL, ya rubani binafsi. Fomu nimejaza yote bado insha tu, maneno 500 kwa nini unataka urubani, wiki nzima naandika nafuta, kila nikisoma naona ni yale yale ya toka utotoni naipenda anga. Halafu navaa miwani, jamaa kanambia nisijisumbue. Na kuna mtu mtaani anataka laki na nusu anijazie fomu, anasema ana watu wake huko. Mwisho ijumaa ijayo.

Dada wa Pasiansi
Marahaba mdogo wangu. Huyo wa laki na nusu usimpe hata mia, jina lako ndo litachafuka. Miwani sio shida, marubani kibao wanavaa, ilimradi ukivaa unaona vizuri na uwe na ya akiba unaporuka. Cha kuogopa ni kutotofautisha rangi, wanakupa kile kitabu cha vidoti usome namba, nina rafiki alilijua hilo ada ameshalipa, alilia sana. Kwa hiyo kapime mapema kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, PPL ni cheti cha afya daraja la pili ila kama unataka iwe kazi ulizia la kwanza kabisa.

Na soma wanalipia nini hasa. Kiwango cha chini PPL ni masaa 40 ya kuruka lakini wengi tunavuka, mimi nilimaliza na 58, sasa hayo ya juu nani analipa? Vipimo, mitihani, chumba? Waandikie uulize. PPL hulipwi mshahara, kazi inaanzia CPL, leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa kawaida ni masaa 200.

Mvuvi Igombe
Kijana sijui ndege ila nimevua dagaa miaka 20. Wewe mtoto wa Mwaloni unakosaje cha kuandika? Usiku upepo unatoka nchi kavu unaingia ziwani, mawingu yanajikusanya huko katikati, alfajiri radi. Sisi tunaliona hilo kabla ya kuwasha karabai. Rubani naye si anaishi kwa kusoma hali ya hewa? Andika hayo.

Dada wa Pasiansi
Baba umemaliza kila kitu. Na mdogo wangu, ziwa letu Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa nyepesi, mchana wa jua kali ndege ndogo inakimbia sana kabla haijanyanyuka. Hiyo ni fizikia yako ya PCM, iweke.

Kijana wa Kirumba
Asanteni sana jamani, nimeandika usiku huu. Nimeanza hivi: "Mama huanika dagaa saa moja asubuhi. Kabla hajamwaga ndoo ya kwanza anatazama upande wa ziwa, na wingu likiwa jeusi chini anarudisha ndoo ndani. Sijawahi kumwona akikosea zaidi ya mara mbili. Nataka kujifunza kwa nini anapatia."

Dada wa Pasiansi
Hiyo aya usiiguse tena. Sasa barua ya mwalimu wa fizikia uwe nayo jumatano, na fomu itume alhamisi mchana, usisubiri ijumaa umeme ukatike.

Mvuvi Igombe
Msomee mama hiyo kabla hujatuma.